Mama Sikio na Reale Yenye Mshono

Wakusanya sarafu walimwita Mama Sikio, na jina hilo hakulipata bure. Cherehani ndiyo ilikuwa kazi yake. Sarafu zilikuwa ugonjwa wake. Tena aina moja tu: reale kuukuu za fedha, zile walizozipiga Wahispania kwenye makoloni yao, zenye taji na nguzo mbili. Zake alizitunza ndani ya kopo la vifungo. Mwenye wasiwasi na reale yake aliipeleka kwake, naye aliilaza juu ya ncha ya kidole, akaigonga kwa kalamu, akatega sikio. Fedha halisi hulia kama kengele ndogo, na mlio wake haukatiki upesi. Bandia husema "ko", ikanyamaza.

Sasa sikio lenyewe ndilo lilikuwa limechoka. Kwanza alikosa kusikia birika, kisha hodi mlangoni. Akajikausha. Mtu anayeitwa Mama Sikio atamwambia nani kwamba hasikii? Akabuni njia yake. Mumewe, dereva mstaafu, alishinda dirishani akifungua na kufunga redio yake mbovu. Mama Sikio akishagonga reale, anamwinulia macho. Mume akitikisa kichwa kukubali, reale imepita. Hakumweleza kitu, na mume hakuuliza.

Alasiri moja daktari wa meno, naye mkusanya sarafu, akaingia, akaweka reale juu ya meza ya cherehani. Huyo alimsikia bila shida. Sauti yake ilizoea kuwasemesha watu wenye pamba mdomoni.

"Dada, hii uliipitisha wewe. Nimetembea nayo mfukoni, tazama taji."

Kwenye kingo za taji weupe ulikuwa umechubuka, na chini yake kulikuwa na shaba, njano kabisa.

"Haiwezekani," alisema Mama Sikio. Akailaza kidoleni, akaigonga, akamwangalia mumewe. Mume akatikisa kichwa, bisibisi mkononi.

"Umeona? Inalia."

Daktari akamtazama yeye, akamtazama mume. "Inalia? Dada, imelia kama kifuniko cha sufuria!"

Mama Sikio akamgeukia mumewe. "Wewe! Umekubali nini?"

"Si umeniangalia?"

"Nimekuangalia uniambie kama imelia!"

"Nitajuaje mimi? Tangu tuoane, ukiniangalia hivyo unataka nikubali. Siku nikikataa, nanuniwa mpaka kesho yake."

"Kumbe muda wote unanivika kilemba cha ukoka!"

"Shemeji, ngoja," alisema daktari, maana mume alishafungua mdomo kujitetea. Kisha, taratibu: "Dada, kwani wewe hukuisikia?"

Uongo ulikuwepo tele wa kuchagua. Angeweza kusema daktari ameibadilisha. Angeweza kumtwika mumewe lawama zote, naye angezibeba, amezoea. Lakini reale alizozipitisha zilikuwa kwenye masanduku ya watu, nao walilala usingizi kwa sababu ya neno lake.

"Sisikii," alisema. "Si hii wala nyingine. Tangu mvua za mwaka jana."

Mume akaiweka bisibisi chini.

Mama Sikio akavaa miwani, akachukua lenzi ya kutungia sindano, akaizungusha reale ukingoni. Kulikuwa na mstari mwembamba umeizunguka yote, pale vipande viwili vya kalibu ya kumiminia shaba vilipokutana.

"Mshono!" alisema. "Mimi fundi cherehani nimepitwa na mshono!"

Akafungua kopo, akapekua vifungo, akatoa reale yake nzuri kuliko zote, aliyoinunua masikio yake yakiwa mazima. Akamsukumia daktari.

"Siichukui, dada."

"Chukua. Na waambie wenzako, walioleta reale tangu mvua zile wazirudishe. Safari hii naanza na ukingo, halafu mizani."

Daktari akaigonga kwa mazoea. Wanaume wote wawili wakainua vichwa pamoja, wakabaki hivyo kitambo, na kwa nyuso zao Mama Sikio akajua kwamba inalia vizuri.

Mlangoni daktari akageuka, akasema kitu kwa sauti ya chini. Mama Sikio akamwangalia mumewe. Kichwa cha mume kikaanza kushuka, kikasita. Akainuka, akaja mpaka kwenye cherehani, akainama.

"ANAULIZA SASA TUKUITE MAMA NANI!"

"Usinipigie kelele," alisema mkewe. "Sijawa kiziwi kiasi hicho."