Kipande cha Saba

Kola alikuwa na hasira tangu Ijumaa jioni, na hadi Jumatatu asubuhi haikuwa imepoa hata kidogo. Ililala naye kitanda kimoja, ikaamka naye, ikapiga naye mswaki, na sasa ilikuwa imekaa naye kwenye stuli mbele ya cherehani, ikimwangalia anavyokanyaga pedali kama anayekanyaga nyoka.

Kola halikuwa jina lake. Katika kiwanda kile cha mashati, kwenye mstari wao, kila mwanamke aliitwa kwa kile alichokishona. Aliyeshika mifuko ya kifuani aliitwa Mfuko, mama wa makamo, mnene, mwenye ulimi usiojua likizo. Aliyekaa mwisho kabisa, shati likishakuwa shati, aliitwa Vifungo, mwanamke mwembamba asiyesema sana. Yeye alishona kola. Msimamizi wao walimwita Mkasi, ingawa si mbele yake, na ingawa hakushona chochote. Alikata. Alikata mapumziko, alikata posho, alikata hata maneno ya mtu kabla hayajafika mwisho.

Na kisa chenyewe kilikuwa kitabu.

Kitabu gani? Wapo watu wenye shahada ukutani watakaokunja pua wakisikia. Kilikuwa cha mwisho katika mfululizo wa vitabu saba viitwavyo Mgeni wa Kizingitini, hadithi ya mapenzi kati ya mwanamke fundi wa saa na mnyonya damu. Ndiyo, mnyonya damu: mwanamume aliyeishi karne na karne, baridi kama sakafu ya zege alfajiri, mwenye macho ya kumfanya mtu asahau alikotoka. Ila alikuwa na mkosi mmoja. Hakuweza kuingia nyumba ya mtu yeyote mpaka mwenye nyumba amwambie karibu. Angeweza kung'oa nguzo ya umeme kwa mkono mmoja, lakini mlango uliofunguliwa nusu, bila neno hilo, ulimshinda. Katika kitabu cha kwanza alisimama nje kwa fundi wa saa tangu sura ya tatu hadi karibu na mwisho, mvua ikimnyeshea, akiuliza kila jioni, "Niingie?" Na kila jioni mwanamke alijibu, "Bado."

"Mwanamume anasimama mlangoni kitabu kizima!" Mfuko alisema walipokisoma mara ya kwanza. "Wangu anaingia na matope ya viatu, anauliza chakula kiko wapi, halafu ndiyo ananisalimia. Mashoga zangu, mimi ninyonywe tu hiyo damu, ilimradi niulizwe."

Walicheka mpaka sindano zikakatika. Kola alicheka pia, lakini si sana. Mlango wa nyumba aliyotoka, nyumba ya mumewe wa zamani, ulikuwa umevunjwa bawaba zote mbili, na hakuuvunja mwizi. Sasa alipanga chumba kimoja chenye komeo la chuma alilolinunua kabla hajanunua godoro. Kila jioni alishusha komeo, akawasha taa, akasoma. Hakuna aliyemwambia kwamba mwanamume anayeuliza ni wa hadithi tu, pamoja na meno marefu. Alilijua hilo mwenyewe. Lilimkasirisha, na bado alisoma.

Kitabu kilikuwa kimoja na wanawake walikuwa mstari mzima. Wangesoma mmoja mmoja, Vifungo angekipata wajukuu zake wakiwa na ndevu. Kwa hiyo walifanya walivyozoea kufanya na kila kitu. Kola alikata mgongo wa kitabu kwa wembe, akagawa kurasa vipande saba, akakishona kila kipande peke yake kama kijitabu, mshono wa zigizaga, imara kuliko ule wa wachapaji. Kisha vipande vilishuka mstarini kama mashati. Kola alisoma cha kwanza nyumbani, asubuhi akampa Mfuko, Mfuko akampa aliyefuata, mpaka Vifungo. Na kulikuwa na sheria: aliye mbele hasemi. Anayefichua kilicho mbele anafagia mabaki ya nyuzi ya mstari wote kwa wiki. Mfuko alishafagia mara mbili.

Ijumaa hiyo ilikuwa zamu ya Kola na kipande cha saba, mwisho wa mwisho. Kwenye cha sita, fundi wa saa alikuwa amefungiwa ndani ya nyumba ya maadui, moto umeshika paa, na yule bwana yuko nje mlangoni, akijua kwamba akiingia kwenye mwanga wa moto ule atakwisha. Hapo kipande kikaisha. Kola angeweza kuchungulia wakati wa kushona. Hakuchungulia. Alikuwa na siku mbili za mapumziko, alikuwa ameshafua nguo zote mapema, na alipanga kumsoma bwana yule polepole, kwa heshima.

Akakitia kiunoni chini ya sweta, akapanga foleni ya kutoka.

Langoni wafanyakazi walipekuliwa kila jioni, wasije wakatoka na mashati. Zamani aliyewapekua alikuwa mlinzi mwanamke. Mwezi ule walimhamishia stoo kubana matumizi, na Mkasi akajitolea kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Alijitolea kwa moyo wote, mtu yule. Wasichana walianza kuvaa nguo mbili mbili siku za joto.

Zamu ya Kola ilipofika, Mkasi hakuuliza. Alishika pindo la sweta akalipandisha mpaka kifuani, mbele ya foleni yote, mbele ya madereva waliokuwa wakipakia, akapitisha mkono kiunoni na kukitoa kijitabu.

"Hiki nini?"

"Kitabu changu. Shusha sweta langu."

Mkasi alikigeuza, akakiangalia mshono, akatabasamu kama aliyeokota kitu sokoni. "Na uzi huu? Uzi wa nani huu, mama? Huu si uzi wetu wa kola? Basi wewe ni mwizi." Akakitia mfukoni. "Shukuru siwaiti polisi. Pita."

Kola alipita. Hilo ndilo lililomtafuna siku mbili zote: alipita. Alifika chumbani, akashusha komeo, akakaa kitandani, na maneno yote aliyopaswa kuyasema yakaja wakati huo, yamepangana vizuri, hayana kazi.

Sasa ilikuwa Jumatatu. Habari ilikuwa imeshashuka mstari mzima na kurudi.

"Mnyonya damu kweli, yule," Mfuko alinong'ona.

"Usimtukane yule bwana," Kola alisema bila kuinua kichwa. "Yule anaomba ruhusa."

Ofisi ya msimamizi ilikuwa kibanda cha vioo katikati ya ukumbi, ili aone kila mtu. Kioo hakina upande mmoja. Kabla ya saa ya chai Vifungo, aliyekaa karibu nacho, alimgonga mwenzake. Huyo akamgonga mwingine. Na mguso ule ukapanda mpaka kwa Kola. Akainua kichwa.

Mkasi alikuwa anasoma. Amekaa, miguu juu ya droo, kijitabu mkononi, midomo ikicheza. Alifunua ukurasa. Akafunua mwingine.

"Ametupita!" Mfuko alisema, na hakunong'ona. "Mtu hata cha kwanza hajasoma, amerukia cha saba! Hana adabu hata ya kusoma!"

Kola alihisi joto likimpanda kutoka nyayoni. Wizi ni wizi, lakini huyu alikuwa kama anayekanyaga ndani ya chumba chake, na viatu vyake, akikaa kitandani.

Baada ya muda Mkasi alitoka kuzunguka. Alipita nyuma ya stuli, akasimama kwa Kola, akainama kidogo, na akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye meza za pasi:

"Usijisumbue kukitafuta, mama. Yule bwana wako anakufa. Anaungua na moto, majivu matupu. Rudi kazini."

Kola aliondoa mguu kwenye pedali.

Hakuwa amepanga. Mguu wenyewe ulikataa. Cherehani yake ikanyamaza, kisha ya Mfuko, kisha iliyofuata. Kimya kilishuka mstarini vile vile vipande vilivyokuwa vikishuka, kutoka kola mpaka vifungo, kisha kikaruka kwenye mstari wa pili ambako hawakusoma hata ukurasa lakini wasichana wao walivaa nguo mbili mbili pia. Feni za darini zikasikika kwa mara ya kwanza. Wanawake wale hawakusimamisha kazi maji ya kunywa yalipokatika. Hawakusimamisha kazi mwenzao alipozimia kwa joto akakatwa mshahara wa nusu siku. Walinung'unika, wakashona. Leo waliinuka, wakakunja mikono.

"Nini hii?" Mkasi akapayuka. "Shoneni! Lori linasubiri!"

Hakuna aliyeshona. Meneja alishuka ngazi mbio, tai imegeukia begani.

"Umeme umekatika?"

"Umeme upo, bosi," Mfuko akajibu.

"Basi nini?"

"Kipande cha saba."

Ilichukua muda kumwelewesha. Alipoelewa alishika kichwa. "Mmesimamisha kiwanda kwa ajili ya riwaya ya mizimu?"

"Si mizimu, bosi. Mzimu ni mtu aliyekufa. Huyu hajafa. Yaani alikuwa hajafa, mpaka asubuhi hii huyu hapa alipomuua mbele yetu."

Kicheko kilipita mistarini, lakini cha meno tu. Meneja hakucheka. Alimgeukia Mkasi. "Unacho?"

"Ni ushahidi, bosi. Umeshonwa na uzi wa—"

"Mpe karatasi zake!"

Mkasi alikitoa. Kola akakishika. Kilikuwa na joto la mfuko wa yule mtu na alama ya chai kwenye ukurasa wa juu. Kitu alichokililia siku mbili kilikuwa mkononi mwake, na meneja alikuwa anampungia mkono akae, haraka, mambo yameisha. Kwa dakika nzima alitaka kukaa. Angekaa, jioni angeshusha komeo, angesoma.

Na kesho angepanga foleni.

Akakiweka kijitabu juu ya cherehani, mbali na mkono wake.

"Kitabu baadaye," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akakohoa, akaanza upya. "Kitabu baadaye, bosi. Huyu alinivua sweta langoni. Mimi na hawa wote, kila jioni, anaingiza mkono anapotaka. Hatukai. Mlinzi mwanamke arudi langoni. Na hata huyo mwanamke aniulize kwanza. Akitaka kunigusa aniombe, mimi ndiye nitakayejibu."

"Dada yangu, haya tutayajadili kwenye kikao—"

"Hatukai."

"Lori liko nje!"

"Tunaliona," Vifungo alisema. Watu wakageuka, maana wengine hawakuwa wamewahi kusikia sauti yake. "Lilikuwepo na Ijumaa pia. Madereva walishuhudia yote. Waulize."

Meneja aliangalia saa, akaangalia lori, akaangalia mistari miwili ya mikono iliyokunjwa. Si kwamba aliona haya, tusimpambe. Alipiga hesabu. "Sawa. Mlinzi atarudi leo. Ataomba. Na muda huu mliopoteza utakatwa."

"Kateni," Kola alisema. "Na huyu aseme samahani. Hapa, mbele ya watu. Alinivua mbele ya watu."

Mkasi alitazama viatu vyake. Neno lilitoka kama kifungo kinachong'olewa kwa meno.

"Sikusikia," Mfuko akasema. "Masikio yangu yana uzi."

Akalirudia.

Cherehani zikaanza, moja baada ya nyingine. Wala Mkasi hakufukuzwa. Kesho yake alikuwa ndani ya vioo vyake kama kawaida, mshahara wake mzima, na muda waliopoteza ulikatwa mpaka dakika ya mwisho, kwa wote. Yapo mambo ambayo mtu akiyaandika kalamu inataka kutoboa karatasi.

Jioni ya Jumatatu ile, langoni alikuwepo mlinzi mwanamke, kofia imekaa upande, uso wa mtu aliyefundishwa wimbo asiouzoea.

"Dada, naomba... naomba nikukague?"

Kola alisimama. Foleni ikasimama nyuma yake, na hakuna aliyemsukuma. Alidhani atafurahi. Badala yake ilimjia hasira mpya, kubwa kuliko ya Ijumaa. Neno lenyewe lilikuwa dogo hivi! Halikula uzi, halikula umeme, halikumchelewesha mtu. Lingeweza kusemwa miaka yote hii. Na ilibidi kiwanda kisimame ndipo lisemwe.

"Bado," alisema.

Mlinzi akarudisha mikono yake, akasubiri. Kola akavuta pumzi, akashusha begi, akakunja vizuri mikono ya sweta.

"Haya. Karibu."

Asubuhi iliyofuata aliingia ukumbini macho yamevimba, midomo imebanwa. Alikaa, akakibwaga kipande cha saba mbele ya Mfuko, kikaangukia juu ya mifuko.

"Eh! Ndiyo nini?" Mfuko akamsogelea. "Alikufa kweli? Mkasi hakudanganya?"

Kola alipachika uzi kwenye sindano, akaukata kwa meno.

"Shoga, niambie basi. Kidogo tu. Aliungua?"

"Sisemi."

"Mbona una hasira hivyo?"

"Mwandishi wa kitabu hiki," Kola alisema, "siku nitakayokutana naye, atanieleza." Akakanyaga pedali. "Soma. Mwenzio anasubiri."