Safari ya Kumkabidhi Salum

Harufu ya kwanza ya Dubai niliyoivuta ilikuwa ya maboksi. Nyumbani Tanga nilikuwa nimeahidiwa udi na marashi, lakini ngazi za jengo lile la zamani la mtaa wa Naif zilinuka maboksi mapya, gundi ya viatu na kitunguu kilichokuwa kikikaangwa ghorofa ya juu. Tulipanda ngazi hizo kwa kujipenyeza kati ya mizigo iliyofungwa kwa kamba za plastiki, kila mmoja umeandikwa kwa kalamu nene mahali unakokwenda: Mombasa, Kampala, Zanzibar, Lubumbashi. Mdogo wangu Salum, ambaye alikuwa hajaanza darasa la kwanza, alipita akiipapasa yote kwa kiganja kama mtu anayehesabu ng'ombe wake. Alinigeukia akaniuliza kama watu wa huku hulala ndani ya maboksi. Nikamwambia wanalala ndani ya vyumba, na maboksi hulala nje. Akaridhika.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Mdogo wangu wa kike, Tatu, anayenifuata, alikuwa na kumi na mmoja. Baba alitutoka kwanza, na mama akafuata kabla hatujazoea kukaa bila baba. Mimi niliacha shule nikaanza kukaanga vitumbua alfajiri ili Tatu aendelee kusoma, na sikuona kuwa nimefanya jambo kubwa. Kulikuwa na jiko, kulikuwa na unga, na kulikuwa na watoto wawili waliokuwa wakiamka na njaa. Lakini wazee wa ukoo walikaa wakaamua kwamba mzigo ule haunifai. Shangazi Zuhura, dada yake baba, alikuwa ameolewa Muscat na hakujaliwa mtoto. Alikuwa ameomba apewe Salum amlee na kumsomesha, na Baba Mkubwa alikubali kwa niaba yetu sote. Mumewe, Ami Nassor, alishamaliza kuandaa karatasi za mpakani. Tungempeleka Salum mpaka Dubai, Shangazi angekuja kwa gari kumchukua, na sisi wawili tungerudi. Kwa Salum, Dubai ilikuwa kituo cha njiani. Kwa Tatu na mimi ndipo barabara ilipoishia.

Aliyetusafirisha alikuwa jirani yetu, Bi Mwanahawa, mfanyabiashara wa mapazia na vyombo, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alikwenda Dubai mara nyingi, na alikuwa na ujanja wake ambao wachuuzi wote wa Naif wanaujua: kila abiria ana kilo zake za mizigo, na mtoto asiye na mzigo ni kilo za bure. Ndiyo maana alijitolea kwa moyo mkunjufu kutusindikiza. "Hawa wanangu," aliwaambia watu uwanja wa ndege, huku macho yake yakitupima kwa ratili. Sikumlaumu. Bila kilo zetu tusingepata mtu mzima wa kusafiri naye, na bila yeye sisi tungepotelea kwenye mlango wa kwanza unaojifungua wenyewe. Kilichomsumbua tu ni kwamba Salum asingerudi. "Huyu kilo zake nazikosa," alinung'unika mara kadhaa, kama anayeomboleza.

Tulifikia kwa Mama Shani, Mmombasa aliyekodi nyumba ya vyumba viwili na kuwapangisha wachuuzi vitanda. Alitupokea kwa chai ya maziwa na maandazi. "Karibuni sana, jamani mko sawa? Mbona wembamba hivi? Mwanahawa, hawa watoto ulikuja nao kwa mguu?" Mimi nilikuwa nimeshaamua jambo moja tangu tukiwa angani: sitalia, na Tatu hatalia. Shangazi angefika kesho yake, Ijumaa. Tulikuwa na siku moja ya kutembea na ndugu yetu katika mji mgeni, na nilitaka atakapoikumbuka siku hiyo huko Muscat, atukumbuke tukicheka.

Basi tulicheka. Naif peke yake ilitosha. Maduka yalikuwa yamebanana, na kila duka lilikuwa limemwaga bidhaa zake mpaka barabarani: masanduku ya magurudumu, maua ya plastiki, blanketi zenye picha za simba, saa za ukutani zilizoonyesha saa tofauti zote kwa pamoja. Wauzaji wa Kihindi na Kipakistani walituita kwa Kiswahili chao cha sokoni, "Mama karibu! Bei poa! Tanzania rafiki!" na Bi Mwanahawa akawajibu kwa Kiarabu chake cha sokoni, akigonga meza na kusema khalas, yaani basi, kila alipotaka bei ishuke, kisha akijifanya kuondoka. Tulifundishwa kuondoka pamoja naye. Kila alipogeuka, sisi watatu tuligeuka nyuma yake kwa mstari, nyuso tumezikunja kwa hasira ya kukodiwa, na kila mara muuzaji alitufuata akituita turudi. Salum aliupenda mchezo ule kuliko kitu chochote. Mwisho alianza kuondoka hata pale ambapo bei ilikuwa imeshakubaliwa.

Alasiri Mama Shani alitupeleka kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoingia katikati ya mji. Ukingoni palipangwa majokofu, matairi, mashine za kufulia na magunia, mlima baada ya mlima, vikisubiri kupakiwa kwenye majahazi, na hapakuwa na mlinzi hata mmoja. Tatu alitafuta mlinzi huyo kwa dakika nyingi. "Lazima amejificha," alisema. Tulivuka kwa mashua ndogo ya abiria, tumekaa migongo imegusana katikati, maji yakiturukia miguuni, ndege weupe wakipiga kelele juu yetu. Upande wa pili tulishuka, tukavuka tena kurudi, kwa sababu Salum alitaka kujua kama mashua hukumbuka njia. Mama Shani alicheka mpaka akashika mbavu, akatulipia tena.

Kisha tukapanda treni, ile isiyo na dereva. Bi Mwanahawa, aliyekuwa ametukuta stesheni na mifuko yake, alituingiza kwenye behewa la mbele kabisa, penye viti vya ngozi na nafasi tele. Salum alibandika pua kwenye kioo cha mbele, na reli ikawa inamjia yeye mwenyewe. Kabla hatujafika mbali, kijana nadhifu mwenye sare alituinamia kwa adabu. "Madam, this is gold," alimwambia Bi Mwanahawa, akionyesha kwamba behewa lile ni la tiketi za bei ya juu. Bi Mwanahawa aliangalia sakafu, dari na viti. "Anasema dhahabu," alitutafsiria kwa sauti behewa zima lisikie. "Mimi naona wazee wamesinzia tu." Tulihamishiwa behewa la wanawake na watoto, Salum akitembea kinyumenyume ili asipoteze hata kipande cha reli. Usiku ule alilala katikati yetu, mguu mmoja juu ya Tatu na mkono mmoja shingoni mwangu, na mimi nilijilazimisha kufikiria vitumbua.

Shangazi Zuhura alifika Ijumaa wakati wa adhuhuri. Nilimtambua kwa paji la uso. Lilikuwa la baba. Alitukumbatia mmoja mmoja, akanusa kichwa cha Salum kwa muda mrefu. Sikuweza kumchukia, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Ami Nassor, aliyemleta kwa gari, alikwenda msikitini, na sisi wanawake na Salum tukakaa sakafuni kuzunguka sinia la biriani ambalo Shangazi alilipika Muscat na kulibeba mapajani njia nzima.

Hapa niseme namna tulivyokuwa tukila nyumbani. Kwetu, watu wanaokula sinia moja hula wali ulio mbele yao, na kitoweo hukaa katikati bila kuguswa mpaka mkubwa wa sinia akigawe. Mama ndiye aliyekuwa akigawa. Alipoondoka, nikawa mimi, na tulishika desturi hiyo hata siku ambazo kitoweo kilikuwa dagaa wachache. Lakini Shangazi alikuwa amekula miaka mingi na mume peke yake, na mambo hayo yalishamtoka akilini. Alimwona Salum akichimba wali na kuiruka nyama.

"Kula nyama, baba."

Salum alitikisa kichwa.

"Hapendi nyama? Au anaumwa?" Shangazi aliniuliza kwa wasiwasi, akimgusa mtoto shingoni.

"Dada hajagawa," Tatu alijibu.

Wote wakanitazama. Mkono wangu ulikuwa tayari, lakini uligoma. Nikigawa siku ile, kesho atataka nani amgawie? Mkubwa wa sinia lile hakuwa mimi. Nikasema, "Leo mkubwa ni Shangazi. Shangazi ndiye atakayegawa." Nilimwangalia Salum nilipokuwa nikisema, ili ajue kwamba mambo yamebadilika na kwamba ni mimi niliyeyabadilisha. Kwangu mimi, hapo ndipo nilipomkabidhi. Karatasi za mpakani zilikuwa za watu wengine.

Shangazi alifurahi. Aliichukua nyama, akatuwekea Tatu, mimi na wenyeji wetu vipande vya kawaida, kisha vile vinono vyote, paja zima na mafuta yake, akavirundika mbele ya Salum. Alifanya hivyo kwa mapenzi, kama mtu aliyengoja miaka kupata wa kumrundikia. Salum alilitazama lile rundo. Halafu, bila kumwangalia mtu, akaanza kazi. Kipande kwa Tatu. Kipande kwangu. Kimoja akakiweka mbele yake. Alipokuwa karibu kula akasita, akachungulia upande wa Shangazi, akaona wali mtupu. Akachukua kile chake mwenyewe akakisukuma mpaka mbele ya Shangazi.

"Na wewe," alisema. "Anayegawa hujisahau. Hata Dada hujisahau, mimi na Tatu humrudishia."

Mimi sikuwa nimewahi kujua kwamba wananirudishia. Nilidhani kipande changu kilibaki kwa sababu nilikuwa mjanja wa kugawa. Mama Shani alisema polepole, "Wallahi, huyu ni mzee mzima, amevaa tu kaptula."

Shangazi alikila kile kipande, akakitafuna taratibu mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali ambalo tangu msiba hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. "Mwanaidi, wewe unataka nini?"

"Nataka arudi nyumbani," nilisema. "Lakini nimekuja kumleta, Shangazi. Ukisema nimwache, nitamwacha, na sitakuharibia kwa kulia."

Alinawa mikono, akachukua simu, akampigia Baba Mkubwa Tanga. Sauti ya kaka yake ilitufikia wote. "Zuhura, karatasi zote ziko tayari! Unanichezea?"

"Karatasi zitabaki karatasi, kaka," Shangazi alimjibu. "Mliniambia nije nichukue yatima. Mbona hamkuniambia kwamba nakuja kuvunja nyumba ya watu? Nitasaidia, lakini nitasaidia nyumba yote, huko huko iliko." Alikuwa akilia huku anasema, na alipokata simu alikuwa akicheka pia, na hapo nilivunja ahadi yangu, nikalia mimi, akalia Tatu, na Salum akaitumia nafasi hiyo kumaliza nyama.

Ami Nassor aliporudi kutoka msikitini na kuelezwa, alishuka hadi kwenye gari, akapanda na baiskeli nyekundu ya mtoto. Alikuwa amemnunulia Salum kwa ajili ya Muscat. "Basi itaendeshwa Tanga," alisema, akaahidi kumkatia Salum tiketi ya kurudi. Salum alipiga kelele iliyoamsha jengo. Lakini aliyepiga kelele kubwa zaidi alikuwa Bi Mwanahawa. Kwa nusu saa alikuwa ameshangilia kimoyomoyo kurudishiwa kilo za Salum, na sasa kilo zenyewe zinaliwa na magurudumu! Alifungua mizigo yake upya, akibishana nayo, na uwanja wa ndege alipita akiwa amevaa madira matano, moja juu ya jingine, akitembea kama kabati. "Mtu akiniuliza," alituonya, "nasikia baridi."

Sasa ninaishi mji huu huu wa Dubai. Nafanya kazi jikoni kwenye mkahawa mmoja Jumeirah Lakes Towers, naenda kwa treni, na nimeyajua mabehewa yake. Majengo yameongezeka, na mimi hupita chini yake bila kuinua kichwa, kama wenyeji wote wenye haraka. Dubai ile ya siku mbili ilikuwa kubwa kuliko hii ya miaka, kwa sababu tuliitazama kwa macho ya watu watatu. Shangazi alitimiza neno lake. Alitulipia ada na akaja kila mwaka. Ami Nassor alipofariki, watu wa kwake walimwuliza atakwenda kukaa kwa nani. Alikwenda Tanga, kwetu. Salum, ambaye sasa ni fundi majokofu, alimjengea chumba chenye dirisha la barabarani.

Hata hivyo kuna siku najiuliza kama hatukumnyima mtoto maisha mengine, shule nzuri zaidi, mikono isiyo na makovu ya bati. Ijumaa iliyopita nilimpigia simu nikamwuliza wazi kama hutamani angekwenda Muscat wakati ule.

"Dada, huko kazini umechoka nini? Ngoja nimpe mwenyewe Shangazi akujibu."

"Aende wapi huyu?" Shangazi aliidaka simu. "Tangu asubuhi ameahidi kunitazamia feni, mpaka sasa anazunguka tu. Tatu naye kaja na watoto wake, wamenimalizia—we Salum! Viatu! Nimepiga deki hapo!"

Nikasikia kishindo cha simu kuwekwa mezani, watoto wakikimbia, mtu akicheka, na Salum akijitetea kwamba amekanyaga mara moja tu. Walikuwa wamenisahau hewani. Mapumziko yangu yalikuwa yamekwisha na meneja alikuwa mlangoni akinionyesha saa. Nilimwinulia kidole asubiri, nikaendelea kuisikiliza nyumba.