Kadi ya Halima Niliyoifukia Kwenye Ndengu

Jina langu halitawasaidia chochote, kwa hivyo nimeliacha nyumbani. Ya wengine nimeyabadilisha. Kosa sijalibadilisha. Ni langu lote.

Nilidanganya nikiwa mjane mpya. Nilimdanganya mtu aliyekuja kunizikia mume, na nikamtumia mume huyo huyo, akiwa kaburini, kama kisingizio. Hata leo nikiosha vyombo husimama na sahani mkononi, naongea peke yangu, mtoto wangu Mwende ananiuliza nini mbaya. Nini mbaya! Sikilizeni.

Mume wangu, Baba Mwende, alikuwa na chumba kidogo hapa Mutomo, karibu na soko la mbuzi. Alipiga video za harusi na za mazishi, akazitengeneza kwa kompyuta, akatia nyimbo na majina yanayopanda kutoka chini. Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na kitu alichokipenda kuliko viatu vyake vya kanisani. Kadi ya grafiksi.

Mimi niliishia darasa la nane, kwa hivyo nitawaeleza vile alinieleza. Kompyuta bila hiyo kadi husoma picha moja moja, kama mtoto anayefuata maneno kwa kidole. Ikiwa nayo, humeza harusi nzima kabla ya chakula cha jioni. Ni kipande cheusi kinachotoshana na kitabu cha nyimbo za kanisa, na kina feni mbili.

Halima wa Mwingi anafanya kazi hiyo hiyo. Watu wake walitoka upande wa kaskazini mashariki, baba yake anauza mifugo, yeye akachagua kamera. Walikuwa wakipeana kazi na mume wangu. Huyu akizidiwa, anamwita yule. Kadi ya Halima ilikuwa imeungua. Baba Mwende alipolemewa na ugonjwa alimwambia mbele yangu kwamba akienda, kadi ni yake, anilipe bei waliyosemezana. Mimi nikasema sawa. Nilisikia kwa masikio yangu na nikajibu kwa mdomo wangu.

Akafa. Halima alikuja mazishini na kamera, akapiga kila kitu na hakuitisha hata nauli. Kadi hakuitaja. Alingoja mpaka wageni wakaisha nyumbani, ndipo akapiga simu. Aliniuliza nimeamkaje, nimekula nini, Mwende anaendeleaje shuleni. Mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, akasema, "Na ile kadi, dada, ukiwa tayari. Video ya Baba Mwende imenikwama. Mashine yangu haina nguvu."

Nikamwambia aje Jumamosi.

Laiti Jumamosi ingetangulia Alhamisi! Alhamisi alikuja shemeji yangu Kyalo, ndugu ya marehemu, ambaye hununua ndengu kule Tawa na kuzipeleka Nairobi. Nilimwambia kadi inaondoka. Akauliza bei. Nilipoitaja, aliweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Akampigia simu mtu wa duka Nairobi na kuiweka sauti juu ili nami nisikie. Yule mtu akasema kadi kama hiyo hana, na angekuwa nayo bei imepanda mara mbili, na bado inaenda juu. Ati kuna makampuni makubwa ng'ambo yanayofundisha mashine kufikiri, yamenunua kadi zote, na viwanda havitoshelezi.

Kyalo alikata simu akaniangalia kwa huruma.

"Mama Mwende, wewe huuza ndengu lini?"

"Zikipanda."

"Huziuzi siku ya kupura, kila mtu akiwa na gunia mlangoni?"

"Siwezi."

"Sasa hii ni ndengu. Tena ndengu ya mwaka ambao mvua imekosa dunia nzima. Funga mlango."

Mnaona hapo? Kyalo hakunishawishi kwa pesa. Alinishawishi kwa ndengu. Mtu wa huku ukimwambia kitu fulani ni ndengu, mikono yake inajua la kufanya kabla ya kichwa. Tumelelewa hivyo. Anayeuza mapema ni mjinga, anayengoja ni mzazi mwema.

Lakini Halima ningemwambia nini? Kumwambia bei imepanda niliona haya, maana mapatano niliyasikia. Nikampigia Ijumaa, nimesimama jikoni, mwiko mkononi.

"Dada," nikasema, "kwetu Wakamba vitu vya marehemu havitoki nyumbani mpaka mvua inyeshe juu ya kaburi."

Hakuna mila kama hiyo! Wakamba wenzangu, nisameheni. Niliitunga hapo hapo kati ya kukoroga na kuonja. Na niliitunga kwa ujanja, kwa sababu mvua ya Mutomo mnaijua ilivyo adimu.

Nilidhani atabisha. Halima akasema, "Nakuelewa, dada. Hata kwetu mjane ana eda yake. Tutangoja mvua." Siku iliyofuata akanitumia maziwa ya ngamia kwa basi, kwa sababu mtu aliye kwenye eda hafai kuhangaika.

Niliyanywa. Yalikuwa matamu na niliyanywa yote.

Sasa kadi. Niliichomoa kwenye kompyuta kwa ncha ya kisu cha kukatia sukuma wiki. Kitu cha thamani utakiweka wapi? Niliifukia kwenye gunia la ndengu ghalani, mahali mwizi wa vitu vya umeme hawezi kufikiria. Na kitu kikishaingia kwenye ndengu, unakitendea vile ndengu hutendewa. Nilichanganya dawa ya unga ya kuzuia wadudu na jivu safi, nikainyunyizia pande zote. Zile feni nilizijaza vizuri mpaka ndani, maana mdudu hupenda mahali penye giza. Nilipojaribu kuzizungusha kwa kidole zikakataa. Nikafurahi, nikasema hapa hapiti kitu.

Kisha nikafunga gunia na kulipigapiga kama mtoto aliyeshiba.

Kosa la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Mama mkwe wangu, ambaye namwita mwaitu kama vile sisi humwita mama, kila Jumapili aliuliza video ya mwanawe iko wapi. Alisema anataka kuona ni nani alilia na ni nani alikuwa anaangalia sufuria. Kuna jirani mmoja ambaye mwaitu alimshuku kwamba alipiga foleni ya chakula mara tatu, na alihitaji ushahidi. Mimi nilijibu, "Halima bado." Basi. Maneno mawili tu, nikayaacha yatembee yenyewe.

Yalitembea. Mwaitu akaanza kumwita Halima yule mvivu wa Mwingi. Akamtangaza kwenye chama cha akina mama: msimwite kwa harusi zenu, ameyalalia mazishi ya mtoto wangu kama kuku anayeatamia. Mama mmoja aliyekuwa amemwita Halima kwa harusi ya binti yake akafuta kazi hiyo palepale. Nilikuwa nimeketi hapo. Nilikoroga chai yangu kwa bidii, na haikuwa na sukari.

Kyalo naye alikuwa akipiga simu kutoka Tawa. "Imepanda tena. Usikohoe."

Halafu mvua ikanyesha.

Ilikuja mchana, bila hodi. Ilipiga mabati mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Majirani walitoka nje na makarai na mitungi, watoto wakicheza uchi. Mutomo nzima ilishukuru Mungu isipokuwa mimi. Na kabla matone hayajakauka, simu ikalia.

"Dada, nimesikia kumenyesha huko. Alhamdulillahi."

"Imenyesha," nikasema.

"Kwa hivyo imefika kaburini."

Nilikuwa nimesimama dirishani. Kaburi la mume wangu nililiona vizuri sana. Udongo ulikuwa umelowa na msalaba ulikuwa unadondosha maji.

"Hapana," nikasema. "Ilipita upande wa pili wa njia."

"Upande wa pili wa njia," Halima akarudia polepole, kama mtu anayejaribu kuelewa somo. "Basi, dada, tuombe irudi."

Aliniombea mvua! Mtu niliyemnyima haki yake aliniombea mvua!

Nilibaki na maneno hayo siku kadhaa. Mwishowe nikasema potelea mbali Kyalo na bei zake, kadi inaenda Mwingi. Nikaingia ghalani.

Bati la pembeni lilikuwa linavuja, na lilikuwa limechagua gunia lile lile. Mvua niliyosema haikufika kaburini ilikuwa imefika kwenye kadi. Jivu na dawa vilikuwa uji. Ndengu zilikuwa zimefura na kuanza kuota, na moja ilikuwa imeota ndani ya feni. Ilikuwa imesimama wima, ina majani mawili, kijani kibichi, imeshika mizizi kuliko nyingi za shambani kwangu msimu ule.

Mwenye akili angeiacha vile ilivyo na kuita fundi. Mimi niliing'oa ile ndengu, nikaosha kadi kwenye karai, nikaianika kwenye turubai pamoja na ndengu zilizobaki, na jua lilipohama nikaigeuza upande wa pili.

Nilifika Mwingi nimeifunga kwenye leso. Halima alinikumbatia, akaniuliza kama mvua imerudi. Nikasema nitamwambia yote, lakini kwanza tujaribu kadi. Ndiyo, hata hapo nilikuwa bado natumaini haitajulikana! Fundi aliyekuwa hapo dukani kwake akaipuliza feni moja. Lilitoka wingu. Sote tukapiga chafya, pamoja na mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti akiwa na suti.

"Mama," fundi akasema akijifuta macho, "hii ilikuwa ikisaga unga kwa posho mill?"

Akaichomeka. Ikatoa moshi mwembamba, na chumba kizima kikanuka ndengu za kukaanga.

Hapo ndipo nililia. Mazishini sikulia. Watu walisema sana, kwamba nimekauka kama kuni, na mimi nilikuwa nimekaa tu kimya, machozi hayakuja. Yalikuja Mwingi, mbele ya mtu wa pasipoti. Huyo bwana akanishika bega, akaniambia kifo ni kigumu, mama, jikaze.

"Si yeye," nikamwambia. "Ni kadi."

Kisha nikamwambia Halima kila kitu, kutoka mwiko wa jikoni mpaka chama cha akina mama. Nilipofika kwenye dawa ya wadudu alinisimamisha.

"Uliiwekea dawa?"

"Na jivu."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa kwenye ndengu, dada. Ningeiacha iliwe?"

Fundi alitoka nje. Halima alicheka mpaka mtandio ukamtoka, akaufunga tena, ukamtoka tena. Hata mimi nilicheka nikiwa na machozi. Halafu akaacha, akaniangalia.

"Ya kadi imeisha. Hicho ni chuma," akasema. "Lakini maharusi walipokuja kuuliza video zao, niliwaambia wavumilie, kuna mjane yuko eda. Nilikuwa nawakemea kwa ajili yako."

Nilikunja leso yangu tupu, nikapanda basi la kurudi Mutomo.

Niliuza ndengu zilizopona, tena kwa bei ya siku hiyo, bila kungoja. Nikauza na mbuzi wangu wawili wa maziwa. Nikamnunulia Halima kadi iliyotumika, ndogo kuliko ile, kwa bei ile ile niliyokuwa nikiingoja kwa hamu ipande. Ilikuwa imepanda kweli. Kyalo aliposikia alisema nimefanya haraka, ningengoja kidogo zingeshuka.

Kisha nikasimama kwenye chama, mahali maneno yangu mawili yalikuwa yamefanya uharibifu, nikasema ukweli wote. Mwaitu alinisikiliza akiwa ameshika kidevu.

"Kwa hivyo," akasema, "ile mvua iliyonilowesha mpaka kamisi ilikuwa imepita upande wa pili wa njia?"

Akina mama walicheka mpaka mmoja akamwaga uji. Mwaitu hakucheka. Aliniitisha simu, akampigia Halima hapo hapo, akamwomba msamaha kwa Kikamba, na Halima, mtoto wa Mwingi, akamjibu kwa Kikamba. Yule mama wa harusi naye akaomba simu. Kazi ilirudi.

Video ilikuja na ni nzuri. Mwaitu ameitazama mara nyingi na yule jirani ameshapatikana, sahani ya tatu na paja la kuku mfukoni. Halima bado hunipigia kuniuliza nimeamkaje. Ila siku hizi ananiita Mama Mwende. Lile neno dada hajalirudisha, na mimi siwezi kulidai.

Kwa hivyo nawaambia, hasa nyinyi mliofiwa. Watu watawaamini kila mnachosema, kwa sababu ya msiba wenu. Hakuna atakayewauliza swali la pili. Msiingize biashara hapo, nawasihi! Mimi niliiingiza, na sasa hata nikisema kweli kwamba usiku sikulala nikimwaza mume wangu, naona watu wakipima maneno yangu.

Na wewe unayengoja bei, ngoja ndengu zako, hakuna atakayekulaumu. Lakini kitu ulichokwisha kumwahidi mwenzako si chako cha kungojea bei. Mpe kikiwa bado kinafanya kazi.