Mwanamke wa Mbao Kwenye Treni ya Mume Wangu

Mwanamke aliyetaka kunivunjia ndoa alikuwa na urefu wa kidole changu cha kati.

Msicheke. Najua mtacheka, lakini nisikilizeni kwanza, halafu mtacheka vizuri.

Mimi ni mama wa Kibosho, nimeolewa kanisani, watoto wanne, ng'ombe wawili na mume mmoja anaitwa Sirili. Haya yalinikuta mwaka 1996. Wengi mnaosoma hapa kwenye simu zenu mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mnatambaa mkila udongo.

Sirili alikuwa mtu wa reli. Zaidi ya miaka ishirini alifanya kazi stesheni ya Kahe, kule chini kwenye joto. Kazi yake ilikuwa bendera. Akipeperusha ya kijani, treni inaondoka. Asipopeperusha, hata dereva awe na haraka ya namna gani, hang'oki.

Siku za mapumziko alikuwa anapanda nyumbani, bendera kazikunja kwapani kama padri na misale yake.

Halafu treni ya abiria ikasimamishwa, na yeye akapunguzwa kazini. Akarudi mlimani moja kwa moja.

Wiki ya kwanza alikaa kwenye kigoda akiangalia migomba. Wiki ya pili, migomba tena. Nikaanza kuogopa, maana wenzake kadhaa waliopunguzwa walikuwa wameshahamia vilabu vya mbege. Wanatoka asubuhi kwa miguu yao, wanarudi wameshikiliwa.

Siku moja nikasikia nyundo kwenye stoo ya kahawa.

Kahawa wakati ule ilikuwa imeanguka bei mpaka aibu, kwa hiyo stoo ilikuwa tupu. Nikachungulia. Mzee mzima kapiga magoti, anakata kopo la Kimbo.

"Unatengeneza nini, Baba Primus?"

"Behewa."

"Behewa la nini?"

"La daraja la pili."

Nikaondoka taratibu, nikaenda kumweleza Bikira Maria.

Jamani, ndani ya miezi sita stoo yangu ilikuwa shirika la reli. Alichukua vichanja vya kuanikia kahawa akavipanga kuzunguka kuta zote nne. Reli akazitengeneza kwa mbavu za miavuli. Kila mwavuli mbovu wa kijiji kile uliishia kwetu. Injini aliipa mota ya redio kaseti iliyokufa. Betri zikichoka alikuwa anazianika juani pamoja na mahindi yangu.

Kulikuwa na stesheni ya Kahe. Kulikuwa na mpunga wa Chekereni, kaupaka rangi ya kijani. Mwisho Moshi, na saa ya stesheni yenye ukubwa wa kifungo.

Na ratiba. Yeuwi, ile ratiba!

Kila siku aliyoileta Mungu, akishakamua ng'ombe, ananawa, anavaa kofia ya reli, na saa moja na robo asubuhi treni inaondoka Kahe. Ikifika dakika ya kumi na sita, huyo anajilaumu mpaka mchana. Mvua, msiba, Krismasi, yeye hajui. Siku ya kipaimara cha binti yetu wa mwisho, ukoo mzima umevaa unangoja barabarani, baba mtu anatuma ujumbe kwamba treni haijaingia Moshi.

Nilimtania sana. Nilikuwa nampelekea chai, napiga hodi mlangoni: "Bwana stesheni, naomba tiketi ya kwenda jikoni."

Anajibu bila kutabasamu: "Daraja la tatu limejaa, mama."

Tunacheka. Na kusema kweli nilishukuru, maana mtu anayewahi treni kila asubuhi hapati nafasi ya kulewa.

Nilishukuru mpaka siku nilipomwona yule mwanamke.

Sirili alikuwa kachonga abiria wa mbao, sita, wamesimama stesheni ya Kahe. Mzee mwenye tenga la kuku. Mwalimu mwenye mkoba. Mama na kichanga. Vijana wawili wa shule. Na huyo wa sita sasa. Gauni la njano, mwembamba, kiuno kimechongwa kwa uangalifu wa kutisha, kichwani kabeba cherehani.

Nikasimama mlangoni na chai yangu, nikaangalia.

Sirili alianza na huyo wa njano, akamchukua kwa vidole viwili, akamkalisha dirishani. Wengine wakafuata. Bendera. Treni ikazunguka. Ilipofika Moshi, wale watano aliwazoa kama unavyozoa maharage. Yule wa njano alimshusha polepole, akamsimamisha, akamtazama.

Ikabidi nijitafute. Mimi niko wapi humu? Nikaangalia behewa kwa behewa, stesheni kwa stesheni. Sipo. Pale Chekereni hata mbuzi yupo. Mke wa ndoa hayupo.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Abiria."

"Ana jina?"

"Sikumuuliza jina."

Akainama kusafisha reli. Reli zenyewe zilikuwa safi.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu, ngoja nieleze. Mchaga ana kihamba chake juu kwenye migomba, na akijaliwa ana shamba jingine chini, tambarare, la mahindi. Mwanaume anashuka kulima, anakaa huko wiki tatu, mwezi. Na wapo, sisemi wote, waliokuwa na mke wa juu na mke wa chini, na mke wa juu anakuja kujua siku ya mazishi. Mama yangu alijua hivyo. Nilikuwa nimemshika mkono pale kaburini, wakaja na mjane mwingine.

Sasa mume wangu alikaa chini miaka zaidi ya ishirini. Piga hesabu mwenyewe.

Nilikaa na hilo swali miezi minane. Chai nilipeleka, utani niliacha. Yeye hakuuliza kwa nini, na mimi sikusema.

Ndipo akaja jirani yangu Yuditha.

"Mama Primus, mimi sipendi umbea."

Mtu akianza hivyo, vuta kiti.

"Shemeji alionekana Kahe Alhamisi. Anaulizia mwanamke, nyumba kwa nyumba."

Alhamisi! Alhamisi aliniaga anakwenda Moshi mjini kutafuta betri.

Presha ikapanda mpaka masikio yakaziba. Nikamwambia Yuditha hivi: kama huyo mwanamke yupo, mimi narudi kwetu Uru na ng'ombe wangu, na hiyo stoo naiwasha kiberiti. Ndoa ya miaka ishirini na sita itaishia hapo. Na sikuwa natania.

Kesho yake nikangoja treni ifike Moshi na Sirili aende kukata majani ya ng'ombe. Nikaingia stoo, nikamchukua yule mwanamke wa mbao, nikamtia kwenye mkoba pamoja na rozari. Nikashuka.

Na mkungu mdogo wa ndizi nikabeba. Ndiyo, nilikuwa nakwenda kupigana, lakini ningefikaje kwa mtu mikono mitupu? Tumelelewa hivyo.

Kahe siku ile joto lilikuwa linatoka chini. Nikaenda sokoni, nikamtoa mwanamke wa mbao, nikamsimamisha juu ya nyanya za mama mmoja.

"Mnamjua huyu?"

Walicheka, jamani. Mmoja alicheka mpaka akashika nguzo.

"Huyu si Violet fundi!" akasema mwingine. "Angalia cherehani. Hapa Kahe ni nani mwingine anatembea na cherehani kichwani?"

Wakanionyesha nyumba.

Nikamkuta barazani anashona. Nilitegemea kiuno. Mwanamke niliyemkuta alikuwa ameujaza mlango, mashavu yamenona, futi ya kupimia kaining'iniza shingoni.

"Karibu mama. Unashonesha nini?"

"Sishoneshi kitu. Mume wangu unamjua?"

Nikamweka yule wa mbao juu ya cherehani. Violet akamchukua, akamgeuza mbele, akamgeuza nyuma.

"Mungu wangu. Hiki kiuno nilikuwa nacho lini?"

"Mume wangu ndiye kakichonga," nikasema. "Sirili. Alikuwa mtu wa bendera hapa stesheni."

Violet akaweka mkasi chini.

"Yule? Wa bendera? Yule mbaya!"

Akanieleza. Siku moja alikuwa amepata kazi ya kushona sare za shule Moshi mjini, anatakiwa kuripoti asubuhi ileile. Akachelewa kidogo. Akaja anakimbia kwenye reli na cherehani kichwani, anapiga kelele: "Baba, ningoje! Ukiniacha nimekosa kazi, nina watoto!" Sirili akamwona. Akatazama saa. Akapeperusha bendera.

"Akaniambia, panda ya keshokutwa, mama," akasema Violet. "Keshokutwa haikuja treni. Mpaka leo haijaja."

Kumbe ile aliyoikosa ndiyo treni ya mwisho.

Nikakaa kwenye mfuko wa vitambaa, na mkungu wangu mapajani. Miezi minane namchukia mtu ambaye mume wangu alimwacha juani.

"Na kazi ikapotea?" nikauliza.

"Ipotee kwa nini? Lilipita lori la mpunga, nikadandia. Nimefika Moshi, nimekunywa chai, ndipo naiona treni yenu inaingia, inajikokota. Nilifanya kazi miezi minne, tajiri mwenyewe mkorofi, nikarudi kwetu. Wala sijawahi kuiwaza tena siku ile."

Nikamwambia, dada, beba kanga. Leo unalala kwangu.

Hebu fikiria. Mwanamke niliyeshuka kumng'oa nywele, narudi naye mlimani, ananishikia mkoba.

Sirili alikuwa anatoka migombani na mzigo wa majani kichwani. Akamwona Violet uani. Hakumtambua, mpaka nilipomweka yule wa mbao mkononi mwake na kusema, "Mwenyewe huyu hapa. Amenenepa tu."

Majani yakaanguka.

Kumbe ndiyo maana hakumpata Alhamisi. Alikuwa anaulizia mwanamke mwembamba, cherehani hata hakuitaja.

Mume wangu akaenda kwenye ua, akachuma jani la sale, akalifunga fundo, akalileta kwa mikono miwili. Kwa wageni: jani hilo kwetu halitolewi ovyo. Linatolewa pakiwa na kosa kubwa, la damu, la ardhi, na ukiletewa huwezi kukataa kusamehe. Na mzee wangu, mwenye mvi, akainama mbele ya fundi cherehani mdogo kwake kwa miaka kumi.

"Nilikuona," akasema. "Dakika moja tu ingetosha. Nilikuona, na nikapeperusha."

Violet akalipokea jani. Akajaribu kuwa mtu mzima, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Akamsimulia lori.

Sirili akainuka.

"Ulifika kabla ya treni?"

"Na chai nilikunywa."

"Haiwezekani. Treni ile haikuchelewa."

"Baba, ilichelewa."

"Haikuchelewa! Niliitoa mimi mwenyewe, saa moja na robo!"

Yaani ameshasamehewa, sasa anagombana. Nikawaacha, nikaenda kumenya ndizi. Kule jikoni nilicheka peke yangu, mara nikajikuta nalia, mara nacheka tena.

Asubuhi Violet akataka kujiona anasafiri. Tukaingia stoo watatu. Sirili kavaa kofia. Akampandisha yule wa mbao, akapeperusha, akamshusha Moshi. Halafu akamchukua akampa Violet mwenyewe. "Umeshafika," akamwambia.

Violet akawa anazunguka vichanja, anashangaa kila kitu. Akasimama.

"Na wewe mama mwenye nyumba, mbona sikuoni humu?"

Mimi nikaangalia miguu yangu. Niliona aibu, maana hilo ndilo swali lenyewe, na mgeni wa siku moja kalisema mbele ya watu kama anaomba chumvi.

Sirili akavua kofia.

"Huyu mzee wa kuku," akasema, "nilimwacha mwaka sabini na tisa. Mwalimu alikuwa anakwenda kwenye usaili. Huyu mama, mtoto alikuwa na homa. Hawa vijana walikuwa wanawahi mtihani. Wote niliwaona wanakuja, na ratiba ni ratiba. Sasa kila siku nawapandisha."

"Na mimi?" nikauliza. Hatimaye.

Akanitazama kama ameulizwa jina la mama yake.

"Wewe nimekuacha lini?"

Nilitoka nje nikasingizia ng'ombe.

Ndugu zangu, ile treni mpaka leo inaondoka, na abiria ni watano. Kila mmoja wetu alikaa na swali lake kitanda kimoja, yeye miaka, mimi miezi minane, na majibu yote mawili yalikuwa safari ya asubuhi moja. Kwa hiyo nawaambia mlio kwenye ndoa, na mnaoikimbilia: mwenzako akikujibu nusu, muulize tena yeye mwenyewe, leo leo. Usiende kwa jirani kutafuta nusu iliyobaki.