D Mia na Tatu

Ogutu hajawahi kuikanyaga hata moja kati ya barabara zinazomlisha. Mwaka wa tisa huu yuko Kensington, Johannesburg, ghorofani juu ya duka la matairi, akiziorodhesha kwa namba barabara za mkoa wa pwani, KwaZulu-Natal. N2 anaijua hata usingizini, pamoja na R102 inayoandamana nayo kama mke mwenza asiyekubali kuachwa. Hizo kubwa zina wenyewe. Yatima ni zile za herufi D, za vumbi, ziendazo kwenye shule na zahanati, na hizo ndizo alizojivunia kuzitunza. Kila Ijumaa aliwatumia wateja wa kampuni orodha ya zilizoharibika, na madereva wao waliifuata.

Jumanne moja Jeff akapiga simu. Jeff ni Mkenya mwenzake, anayezunguka huko na gari la kampuni akikagua.

"Bro, mbona umefunga D mia tatu? Iko poa kabisa. Watu wanazunguka kilomita arobaini bure!"

"Si wewe uliniambia daraja limekwenda na maji?"

"Nilisema mia na tatu!"

Ogutu akausikiliza upya ujumbe wa sauti wa wiki tatu nyuma. Mvua inapiga bati, Jeff anayakimbiza maneno kama kawaida yake, na ile "na" imemezwa nusu, lakini ipo. Kosa la kipumbavu, la watu wawili waliozoea kutajiana namba kwa Kiswahili ilhali ofisi nzima inazitaja kwa Kiingereza. Barabara nzima kaifunga. Ile isiyo na daraja, orodha inasema ni salama. Gari la shule lingeweza kutumbukia mtoni kwa baraka zake.

Akamwendea Omollo, mwenye kampuni, aliyekuwa akila kuku mezani.

"Tukituma masahihisho wateja watajua tumekosea," Omollo akasema, "na mkataba mpya bado hawajausaini. Ngoja wasaini kwanza."

"Na watoto, je?"

"Eish, Ogutu! Funika kombe mwanaharamu apite. Kwani nani anasoma orodha yako?"

Akalamba vidole, kimoja baada ya kingine. Huyu ni mzee wa kanisa. Jumapili huomba kwa machozi mpaka akina mama wanamwonea huruma. Ogutu aliyatazama mafuta kidevuni mwake, kinyaa kikamshika. Alitoka bila kuaga.

Aliandika masahihisho, akayatuma kwa jina lake mwenyewe, potelea mbali mkataba. Akajiona msafi, tena peke yake katika jengo lile la wachafu. Kisha akaitafuta namba ya shule iliyoko D103. Akapokea mwalimu mkuu, mama mwenye sauti kavu.

"Ma, msipite darajani, limevunjika," Ogutu akasema kwa Kizulu chake cha kuombea maji, baada ya kuitaja kampuni.

"Unatuambia sisi, mwanangu? Tuliziba njia kwa mawe siku ileile. Sasa watoto wanavuka kwa miguu, wakubwa wamewabeba wadogo. Mtu wenu alitupiga picha. Alisema anampelekea bwana mmoja wa Johannesburg, mtu makini sana, atatusaidia. Tunamngoja mpaka leo."

Simu ikiwa sikioni, Ogutu akalifungua faili la Jeff. Picha kumi na nne, zimekaa hapo wiki tatu, na hajaifungua hata moja. Katika ya kwanza kulikuwa na mawe, na juu yake ubao ulioandikwa D103 kwa rangi nyekundu, herufi kubwa ambazo hata mwenye mtoto wa jicho angezisoma. Nyuma yake msichana wa sare alikuwa majini hadi mapajani, na mwenzake mgongoni.

Nyani haoni kundule. Alijichukia kuliko alivyomchukia Omollo na kuku wake.

"Bwana huyo unamfahamu?" mama akauliza.

"Ni mimi, Ma."