Mama Aliyeacha Kufagia

Mama yangu hawezi kuona sakafu akaiacha ilivyo. Akishaswali alfajiri, kabla hata chai haijawekwa motoni, utamsikia na fagio lake la chelewa, chwa, chwa, chwa, kuanzia chumba cha ndani mpaka barazani, kisha uwanja mzima mpaka kwenye mnazi wa jirani. Akimaliza wake huingilia na kipande cha jirani, wala si kwa wema, ni kwamba uchafu wa jirani unamuumiza macho. Adhuhuri atafagia tena. Alasiri ukimkuta ameinama usimuulize anafagia nini, maana atakuonyesha. Sisi wanawe wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, tumekua tukiinua miguu. "Inueni miguu!" ndilo neno tulilosikia zaidi kuliko majina yetu. Tumekula, tumeandika kazi za shule na tumesukwa nywele huku miguu iko juu ya kiti.

Basi siku nilipoambiwa kuwa Mama ameacha kufagia, moyo ulinipasuka.

Mume wangu ni mpishi. Alikuwa akipika katika hoteli moja ya Diani, nasi tukikaa nyumba ya kupanga Ukunda, mimi na cherehani yangu barazani nikishona sare za shule. Siku moja alirudi kutoka kazini mapema, akaketi jikoni, akaanza kumenya vitunguu bila kuombwa. Mpishi wa hoteli hashiki kisu nyumbani kwake, hiyo ni sheria yao wote, kwa hiyo nikajua lipo jambo. Kumbe amepata kazi Maskati, hoteli kubwa, na ameruhusiwa kwenda na mke na watoto. Macho yalikuwa yakimtoka machozi, na mpaka leo sijui ni ya furaha, ya vitunguu, au ya kuniogopa mimi.

Alikuwa na haki ya kuniogopa, kwa sababu nilikasirika. Baba yetu alikwisha kutangulia mbele ya haki, na Mama amebaki Msambweni na mdogo wangu. Kila Ijumaa mimi na wanangu tulishuka kwake kula, na nusu ya nguo za binti yangu zilikuwa huko huko. Niliona kwamba nikivuka bahari, nyumba ya Mama itazoea kutokuwepo kwangu. Itaendelea na mambo yake, na siku nikirudi nitapiga hodi na kukaribishwa kiti cha wageni. Hilo ndilo nililoliogopa, wala si ndege, wala joto la Uarabuni. Mume wangu akasema ni kazi ya muda tu, tutarudi. Nikamwambia wapishi wote husema chakula kiko karibu.

Mama ndiye aliyekata shauri. "Mume yuko kule, mke yuko huku, maisha gani hayo? Nenda, mwanangu. Radhi zangu unazo." Aliyasema hayo akifagia.

Tukairudisha nyumba ya Ukunda kwa mwenyewe, tukahamia kwa Mama kwa zile siku za mwisho, katika chumba changu cha usichana. Watoto walilala juu ya mkeka miguuni pa kitanda, na kila jioni walirudi kutoka ufuoni na mchanga mpaka masikioni. Asubuhi ya safari Mama alisimama mlangoni ameinua msahafu, tukapita chini yake mmoja mmoja. Mume wangu ni mrefu, ilibidi apite karibu amepiga magoti, na mwanangu wa kiume akacheka hadi akapata kwikwi. Kisha tukaingia garini. Siku hizi kuna njia mpya ya Dongo Kundu, hata kile kivuko cha Likoni hakikuwepo njiani kutuchelewesha nikapata kubadilisha nia.

Sasa, kwetu msafiri akiondoka nyumba haifagiliwi mpaka ije habari kwamba amefika. Ukifagia kabla ya hapo umefagia nyayo zake, na aliyefagiliwa nyayo atarudije? Hakuna asiyelijua hili. Kwa kawaida ni jambo la kutwa moja: mtu amekwenda Mombasa, au amevuka Lunga Lunga kwenda Tanga, jioni anapiga simu, na fagio linarudi kazini. Hata Mama, pamoja na ugonjwa wake wa usafi, alikuwa akiweza kuvumilia kutwa moja.

Tulipotua Maskati nilimpigia pale pale.

"Mama, shikamoo. Tumeshuka salama."

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi. Mshafika kwenu?"

Nami nilikuwa nimechoka, mtoto mmoja amenilalia begani na mwingine anataka choo. "Kufika wapi, Mama! Tumewekwa vyumba vya wageni, nyumba yenyewe haijapatikana. Hata masanduku hatujafungua. Sisi bado tuko safarini."

"Haya," akasema. "Mungu awafikishe."

Nilikuwa nanung'unika tu, kama mtu yeyote aliyeshuka ndege. Yeye akaliweka neno langu moyoni.

Ikawa kila nikipiga simu ananiuliza, "Mshafika?" nami namjibu, "Bado." Nikidhani anaulizia nyumba kama mama yeyote anavyoulizia. Na hiyo "bado" yangu ilikuwa na sababu yake, na sababu ni mimi. Ile nyumba ya kwanza tuliyoonyeshwa niliikataa kwa kuwa jiko halina dirisha. Ya pili ilikuwa na dirisha, nikaikataa kwa kuwa dirisha linatazama ukuta. Nyingine ilikuwa juu mno. Nyingine, hata haya naona kusema, niliikataa kwa rangi ya milango. Mume wangu alikuwa akirudi kutoka kazini jioni ananuka iliki na vitunguu saumu, ananikuta nimekaa kitandani katikati ya masanduku yaliyofungwa, watoto wanatoa nguo moja moja kwa kupenyeza mkono pembeni mwa zipu.

"Mama watoto," akaniambia siku moja kwa upole, na upole wake huniudhi kuliko ukali, "unatafuta nyumba ya namna gani?"

Nikamwambia yenye uwanja. Maskati, ghorofani, uwanja! Akaenda kuwapikia watoto mayai, jambo ambalo, kama nilivyosema, si la kawaida.

Ndipo mdogo wangu akanipigia. Simu ya video, mchana, na sauti ameishusha.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Mbona unanong'ona?"

"Mama yuko uani. Dada, kwani nyinyi mnafika lini?"

Akaizungusha simu. Wallahi sikuitambua nyumba. Mchanga umetanda barazani kote na alama za miguu ya kuku zimepita katikati. Majani ya mwarobaini yamejikusanya kwenye kizingiti. Sakafu ile nyekundu, ambayo Mama alikuwa akiing'arisha mpaka unaona meno yako, imekuwa rangi ya unga wa muhogo.

"Nikitaka kufagia ananipokonya," mdogo wangu akasema. "Fagio amelitia uvunguni, analala juu yake. Anasema wewe mwenyewe umemwambia mko safarini. Anapita ukutani ukutani, dada, asikanyage mlikokanyaga. Na uradi wa Alhamisi umehama."

Hapo nikaketi. Tangu mimi mdogo, wanawake wa mtaa hukutana kwa Mama kila Alhamisi kusoma uradi. Ndiyo heshima yake, ndiyo raha yake. Wiki nzima huiandalia siku hiyo. Sasa kwa kuwa hawezi kukaribisha watu kwenye uchafu, uradi umekwenda kwa jirani yule yule wa mnazi, ambaye Mama humsema kwamba mahamri yake yanafaa kuzibia dirisha. Na Mama anakwenda huko, anaketi, anayala mahamri hayo, na hasemi kitu.

"Chumba chako hafungui kabisa," mdogo wangu akaendelea, akausukuma mlango kidogo. Mkeka wa watoto ulikuwa pale pale miguuni pa kitanda, na pembeni yake mchanga wao wa ufuoni, na juu ya mchanga nyayo ndogo, za binti yangu na za mdogo wake, moja imekanyaga nyingine.

Nilimpenda Mama wakati ule kiasi cha kuumia kifua. Niliogopa nyumba itanisahau, kumbe yule bibi wa watu anapita ukutani ili isinisahau.

Mume wangu aliporudi nikamwambia achukue nyumba yoyote, hata ile ya milango. Alinitazama, akataka kuuliza, akaona bora asiulize. Tukahamia. Nilifungua masanduku yote, nguo zikaingia kabatini, mbuzi ya nazi niliyoibeba kutoka kwetu ikapata pembe yake jikoni. Nilipomaliza magharibi ilikuwa imeshaingia. Nikapiga simu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Mshafika?"

Nilijua nikisema ndiyo, ule mchanga utatoka. "Tumefika, Mama. Tuko kwetu."

Nikamsikia akishusha pumzi. "Alhamdulillahi. Kesho asubuhi, inshallah, nitafagia. Sasa ni usiku, usiku nyumba haifagiliwi."

"Mama, ukifagia, nyayo zetu zitaondoka."

"Zitaondoka, ndiyo. Kwani mimi nataka nyayo? Nawataka nyinyi. Mlipokuwa njiani nilikuwa nawaombea. Mkishafika ndipo nitaanza kuwangoja, na mgeni hangojwi kwenye vumbi, mwanangu. Mama yako hana adabu hizo."

Asubuhi yake mdogo wangu akatushikia simu. Sisi tulikuwa tumekaa sakafuni sebuleni, kwa kuwa viti vilikuwa havijaletwa: mimi, watoto, na mume wangu amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Mama alijifunga leso kiunoni, akasema bismillahi, akaanza na chumba changu, kama ilivyo kawaida yake kuanzia ndani. Chwa, chwa, chwa. Aliukunja mkeka. Alipofika kwenye mchanga wa watoto akasimama, akajifuta uso kwa ncha ya leso, akaufagia. Binti yangu akanishika mkono.

Kisha Mama akainua uso akatuona kwenye simu, tumekaa tumenyoosha miguu mbele yetu, na sauti yake ikarudi ile ile ya siku zote.

"Inueni miguu!"

Tukainua. Watoto wakainua, mimi nikainua, na yule mwanamume mrefu pale mlangoni akainua mmoja.