Ukuta wa Baba Mkubwa na Jani la Isale

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, kitabu kilichosomwa kuliko vyote kijijini kwetu hakikuwa Biblia wala kitabu cha shule. Kilikuwa ukuta wa kilabu cha Baba Mkubwa Aloisi, alikouza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Kilabu chenyewe kilikuwa kando ya barabara ya vumbi inayopanda kutoka Himo, na ukuta wa mbele ulipakwa chokaa kila mwaka kabla ya Krismasi, si kwa ajili ya usafi bali ili mwenyewe apate pa kuandika upya. Aliandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa zilizonyooka. Alikuwa amekaa seminari miaka miwili kabla hawajamrudisha nyumbani, na miaka hiyo miwili ilimtosha kutudharau sisi wengine maisha yake yote.

Maneno yenyewe ninayakumbuka vizuri kuliko sala. MWENYE HARAKA MPISHE, LABDA HAJUI AENDAKO. SOKO NI HURIA LAKINI KATA YA MBEGE INAZUNGUKA KWA ZAMU. MWANAMUME NI YULE ANAYEIJUA SAA YA KURUDI NYUMBANI NA BADO AMEKAA. Hilo la mwisho wanaume walikuwa wakiligongea meza, wakati wake zao wako bondeni wanakata majani ya ng'ombe. Vijana wenye pikapu za kwenda Holili waliyanakili nyuma ya magari yao. Hata katekista aliwahi kulitumia moja kanisani, akalipachika kwa mtakatifu ambaye hakumtaja jina.

Nikiwa mtu mzima nimeyarudia maneno yale moja moja kichwani, nikagundua kitu ambacho ningepaswa kukiona zamani. Karibu kila neno lililoandikwa pale lilikuwa limemwondolea mwanamume fulani kazi fulani. Ndiyo maana yalipendwa. Watu wa kwetu walisema Aloisi ana hekima, na alichokuwa nacho ni rangi, brashi na muda wa kupoteza.

Baba yangu, mdogo wake Aloisi, alifariki nikiwa na miaka minane. Alimwachia mama watoto watatu, ng'ombe mmoja, na kihamba, shamba la ukoo, chenye migomba juu na kahawa chini. Migomba ilikuwa ya wanawake, kahawa ya wanaume, hata kama mwanaume mwenyewe yuko kaburini. Lakini miaka ile kahawa ilikuwa imekufa bei. Wanunuzi wapya walipita na mizani zao, kila mmoja akiwa na maneno matamu kuliko mwenzake, na tukishauza tulirudi nyumbani na kitu kisichotosha hata sabuni. Mwezi wa saba mama alichukua panga, akakata mistari mitatu ya kahawa ya chini, akapanda nyanya. Nyanya zilikuwa zinatakiwa Himo. Nyanya zile ndizo zingenunua sare yangu ya shule na kutuvusha mpaka Krismasi, na mama alituambia hivyo waziwazi, hata mdogo wangu wa mwisho alijua.

Baba Mkubwa alikuja siku ya tatu. Hakukaa.

"Mama Ana, kahawa hii aliipanda nani?"

"Aliipanda baba mkwe, shemeji. Lakini haituletei hata sukari."

"Basi nyanya zako zimwagilie machozi," alisema, akaondoka huku amejifurahia.

Haikuwa mzaha. Yeye ndiye aliyekuwa mzee wa mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji kutoka msituni na kuyapitisha kihamba hadi kihamba kwa zamu. Zamu yetu ilikuwa Jumanne na Ijumaa asubuhi. Jumanne iliyofuata maji yalitupita, yakaingia kwa jirani. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Mama akaanza kupanda na kushuka korongoni na ndoo kichwani tangu alfajiri, na jioni shingo yake ilikuwa haigeuki.

Bibi, mama mzazi wa Aloisi na wa marehemu baba, aliishi kwetu. Ndiye aliyesema mama aende kuomba msamaha kwa jani la isale. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa, ila kwa mgeni nitasema: masale ni ile mimea yenye majani marefu ya kijani tunayopanda kwenye mipaka ya vihamba na kwenye makaburi. Ukimkosea mtu, unafunga fundo jani la isale, unampelekea, na hawezi kukukataa.

"Hata aliyemwaga damu, akija na hili anapokelewa," Bibi aliniambia akiwa anachuma jani kwenye kaburi la babu.

"Na mtu akilikataa, Bibi?"

"Aliyelikataa haonji tena na wenzake."

Sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba mama yangu anakwenda kuomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa kosa, na nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Mama naye hakulipenda jambo lile. Lakini alivaa khanga safi, akanishika mkono, tukaenda.

Ilikuwa Jumatano mchana na kilabu kimejaa. Mama alisimama mbele ya Baba Mkubwa, akanyoosha jani kwa mikono miwili, kichwa chini. "Shemeji, kama nimekukosea, nisamehe." Baba Mkubwa alilitazama jani, kisha akawatazama wanaume, na mimi niliyekuwa chini karibu na goti la mama nilimwona kabisa anatafuta sentensi. Naapa alisahau kwamba mbele yake kuna mtu.

"Shemeji," akasema, "samahani ni sabuni ya wavivu."

Walicheka. Mmoja alicheka mpaka akakohoa, na huyo alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza la marehemu baba yangu. Jani likabaki mikononi mwa mama. Njiani nilikuwa nalia kwa hasira, si kwa huzuni. Alhamisi sentensi ile ilikuwa tayari ukutani, rangi bado inateremka.

Niliiamini ahadi ya Bibi kitoto. Kila asubuhi nilipanda juu ya jiwe kuangalia kama paa la Baba Mkubwa limeanguka au ng'ombe wake wamekufa. Paa lilikuwepo. Ng'ombe walikuwa wananenepa. Ijumaa maji yalitupita tena, na majani ya nyanya yakaanza kujikunja kwa pembeni. Nikaamua kwamba isale ni jani tu, na Bibi ni mzee tu.

Jumapili baada ya misa Bibi alinishika mkono, akaniongoza hadi kilabuni. Nilishangaa, kwa sababu hakuwa na kawaida ya kukaa pale. Wanaume walimwamkia shikamoo, akawekewa kigoda cha heshima. Baba Mkubwa alifurahi kumpata mama yake mbele ya watu. Alichota mbege kwa kata na kuonja kwanza, kama anavyotakiwa mwenye pombe, ili watu wajue haina kitu kibaya. Kisha akampa Bibi kwa mikono miwili.

Bibi aliishika kata, hakunywa. "Aloisi, mimi sijui kusoma. Ile ya chini umeandika nini?"

Mpumbavu yule akasoma. Alisoma kwa sauti, kwa madaha, akasimama kidogo katikati kama padre: samahani, ni sabuni, ya wavivu. Akangoja watu wacheke.

Bibi aliinama akaiweka kata chini, kwenye vumbi, taratibu ili isimwagike. "Basi utaonja peke yako," alisema. Akaniambia tuondoke.

Nyuma yetu nilisikia kata nyingine zinawekwa chini. Ndani ya wiki moja hakuna mtu aliyekubali kunywa baada ya midomo ya Baba Mkubwa, na pombe ambayo mwenyewe hajaionja haiuziki. Alijaribu kumwonjesha mkewe kwa niaba yake, watu wakakataa vilevile. Mbege yake ilichacha, akawamwagia nguruwe. Wateja walihamia kilabu cha ng'ambo ya mto, ambako ukuta ulikuwa wa udongo mtupu.

Watu husimulia sehemu hii kwa furaha, eti kijiji kilisimama na mjane. Hakikusimama na mtu. Wale walikuwa walewale waliocheka Jumatano. Hawakumwona mama alipokuwa amenyoosha mikono, wala hakuna aliyebeba hata ndoo moja kutoka korongoni. Jumapili waliona laana ya mama mzazi inapita karibu na matumbo yao wenyewe, wakaogopa. Kama Bibi asingetokea wangekunywa hadi leo chini ya sentensi ile, na wangewafundisha watoto wao.

Wiki ya nne Baba Mkubwa alikuja kwetu mchana, miguu ina vumbi, jani la isale lililofungwa fundo mkononi. Nyanya zilikuwa zimeshakufa. Mama alikuwa shambani anang'oa miche mikavu, nami namsaidia. Bibi alisimama mlangoni akitazama.

"Shemeji, nimekuja," Baba Mkubwa alisema. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongeza kitu.

Mama alijifuta mikono kwenye khanga. Alilipokea jani kwa mikono miwili. Bibi akaleta maziwa kwenye kibuyu, Baba Mkubwa akanywa, Bibi akanywa baada yake, ikawa imekwisha. Ijumaa maji yaliingia kwetu na kukuta udongo mtupu. Mwaka ule sikuvaa sare mpya, na tulikula ndizi za kuchemsha Krismasi kama siku nyingine yoyote.

Na ukuta? Ukuta ulipakwa chokaa mapema kuliko kawaida. Katikati, herufi kubwa kuliko zote: SHUJAA NI YULE AOMBAYE MSAMAHA. Wateja walirudi, wakaligongea meza hilo nalo. Mwalimu wetu wa Kiswahili alilipenda mno, akatunakilisha daftarini kwa ajili ya mwandiko mzuri. Niliandika mistari kumi, nikapata vema.

Nina jambo la kukiri. Kwa miaka mingi, nikiwa na wageni mezani kwangu mjini Moshi, nimekisimulia kisa hiki na kukimaliza kwa maneno ya mama. Nilikuwa nasema kwamba mama alilipokea jani, akamkazia macho Baba Mkubwa, akamwambia: "Jani nimelipokea, shemeji. Wewe bado." Wageni waliguna kwa kuridhika. Mmoja aliyaandika kwenye simu palepale, akayasambaza kabla hatujamaliza chai.

Mama hakumwambia hivyo. Alichomwambia ni "Asante, shemeji," macho chini. Alingoja mpaka mtu yule amevuka ua na nyayo zake hazisikiki, ndipo akayasema maneno yale, kwa Kichagga, kwa sauti ndogo, amenipa mgongo, huku ameinamia mche mwingine. Hakunisemesha mimi. Nilisikia tu kwa sababu nilikuwa karibu.

Mwaka jana nilimuuliza kwa nini hakumwambia usoni. Alinitazama kama mtu aliyezaa mtoto mzito wa kuelewa.

"Na maji je?" akasema.

Nimemdharau Baba Mkubwa Aloisi kwa zaidi ya miaka ishirini kwa sababu alichukua mambo mazito ya watu akayafanya maneno ya kupigiwa makofi, na sioni sababu ya kuacha kumdharau. Lakini mimi nilichukua woga wa mama yangu, nikaugeuza ujasiri, ili wageni waniangalie vizuri. Siku hizi nakisimulia kama kilivyotokea. Wageni hukoroga chai, mwingine huuliza kama kuna sukari zaidi, nami namsogezea. Mama yangu aliogopa siku ile, alikuwa na watoto watatu na haki ya kuogopa, na sitaki tena mtu atoke nyumbani kwangu bila kulijua hilo.